Tovuti ya Msanidi Programu na Maneno ya Vijiweni

Wahitimu wa kompyuta wanapomaliza chuo, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Kigali, ushauri huwamiminikia kutoka kila upande: jenga potifolio, usijisumbue na potifolio, tumia hiki, achana na kile. Sehemu kubwa ya ushauri huo hutolewa kwa kujiamini na watu ambao hawajawahi kukaa upande wa pili wa meza, rundo la maombi ya kazi likiwa mbele yao na muda ukiwatupa mkono. Nimeyachukua madai ninayoyasikia mara nyingi zaidi ili niyajibu. Lenye chembe ya ukweli nitaikiri. Msimamo wangu ni huu: tovuti binafsi ya msanidi programu ni ushahidi. Inampa mtu asiyekujua nafasi ya kuona unavyofikiri unapokabiliana na tatizo. Ikishindwa hilo ni pambo, hata iking'aa vipi.

"GitHub na LinkedIn zinatosha."

Hili ndilo dai lenye nguvu kuliko yote. Ni kweli waajiri wengi huanzia LinkedIn, na mhandisi atakayekuhoji atapenda kuuona msimbo wako GitHub. Lakini tazama kila moja inaonyesha nini. LinkedIn inaonyesha vyeo na tarehe, kwa mpangilio uleule anaopewa mhasibu na wakili. GitHub inaonyesha msimbo, lakini mara nyingi haisemi kwa nini uliandikwa. Mgeni anakuta hifadhi thelathini, nusu yake mazoezi ya darasani, na hana namna ya kujua ni ipi iliyokunyima usingizi. Afisa rasilimali watu asiyesoma msimbo ndiye aliyepotea kabisa hapo, na mara nyingi ndiye anayeamua nani aitwe. Kwenye tovuti yako, wewe ndiye unayepanga kipi kitangulie na kipi kisionekane kabisa.

Kuna pia suala la kuishi kwenye nyumba ya kupanga. Yahoo waliifunga GeoCities Oktoba 2009, na kurasa za mamilioni ya watu zikaondoka nayo. Google+ ya watumiaji wa kawaida ilizimwa Aprili 2019. Heroku, ambako wanafunzi wengi walikuwa wakiweka miradi yao bila malipo, iliiondoa huduma hiyo ya bure Novemba 2022, na viungo vilivyokuwa kwenye CV za watu vikaanza kufungua ukurasa wa kosa. LinkedIn na GitHub zote ni mali ya Microsoft, iliyoinunua ya kwanza mwaka 2016 na ya pili mwaka 2018. Sisemi zitafungwa kesho. Nasema jina la kikoa unalolilipia mwenyewe unaweza kulielekeza kwenye seva nyingine siku yoyote, na kiungo kilichochapwa kwenye CV yako kikaendelea kufanya kazi.

Wengine hulisukuma dai hili mbele zaidi, wakisema tovuti za watu binafsi hazisomwi na yeyote. Hao nawakumbusha Januari 2008. Kenya ilikuwa katikati ya ghasia za baada ya uchaguzi, na Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake, Kenyan Pundit, akiuliza kama kuna wataalamu wa kompyuta wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali vurugu zinapotokea. Erik Hersman, mwenye blogu ya White African, alikuwa miongoni mwa walioitikia, na Juliana Rotich pia. David Kobia akaandika msimbo. Ndani ya siku chache Ushahidi ikawa hewani, na miaka miwili baadaye programu hiyo ya wazi ikatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Mwito ule wa kwanza ulikuwa ukurasa wa mtu mmoja, na watu wanaohusika ndio walioukuta. Huhitaji wasomaji elfu. Unahitaji wale watatu wenye shida unayoweza kuitatua.

"Isipokuwa na mbwembwe, watakuona mshamba."

Wanaosema hivi wanataka ukurasa unaofunguka kwa mviringo unaozunguka, maandishi yanayojichapa herufi moja moja, nyota zinazoelea nyuma ya jina, na chini yake fremuweki tatu zilizobebeshwa kazi ambayo faili moja la HTML lingeimaliza. Nawaomba waifungue bellard.org. Mwenyewe ni Fabrice Bellard, Mfaransa aliyeanzisha FFmpeg mwaka 2000, mradi ambao sehemu kubwa ya video za intaneti zinapita mikononi mwake, kisha akaanzisha QEMU, ambayo wahandisi wa seva wanaitumia duniani kote. Mwaka 2011 aliifanya Linux iwake ndani ya kivinjari. Ukurasa wake ni orodha ya viungo na maelezo mafupi, bila hata kitu kimoja kinachochezacheza. Sijawahi kusikia mtu akiuona ukurasa ule na kusema huyu bwana hajui kazi.

Upande wa pili yuko Mfaransa mwingine, Bruno Simon, ambaye tovuti yake ni gari dogo unaloliendesha kwa vibonye vya kibodi katikati ya vitu vya pande tatu. Ni kazi nzuri ajabu. Lakini Bruno Simon anafundisha Three.js, maktaba ileile iliyolijenga gari lile, kwa hiyo mbwembwe zake ndizo bidhaa yenyewe. Hapo ndipo penye chembe ya ukweli niliyoahidi kuikiri: ukiuza kazi ya mwonekano, mwonekano wa tovuti yako ni sampuli, na usipoupanga vizuri hakuna atakayekuamini. Ukiwa mtu wa seva na hifadhidata, gari la kuendesha halisemi lolote kuhusu unavyozuia malipo yasihesabiwe mara mbili.

Halafu kuna bando. Ukurasa wa kawaida wa intaneti siku hizi unazidi megabaiti 2 kwenye simu, na za potifolio zenye video nyuma ya jina zinavuka hapo kwa mbali. Google wanapendekeza kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Ukurasa wa maandishi wenye picha mbili zilizobanwa vizuri unaweza kubaki chini ya kilobaiti 200 na ukalifikia lengo hilo hata kwenye simu ya bei nafuu. Ijaribu tovuti yako kwenye Tecno ya rafiki, data zikiwa zinasuasua, mkiwa ndani ya daladala. Ikikushinda wewe uliyeijenga, mwajiri aliye safarini kuelekea Dodoma hataisubiri.

"Weka miradi mingi, wingi ndio uzoefu."

Hapa ndipo vijana wengi wanapoumia, na ndipo nitakapokaa. Orodha naijua kabla sijaifungua: programu ya mambo ya kufanya, kikokotoo, hali ya hewa, nakala ya Netflix. Hakuna ubaya kuzitengeneza, ndivyo watu wanavyojifunza. Tatizo ni kuzionyesha kama kazi, kwa sababu mafunzo ya video yaliyokuongoza wewe yaliwaongoza pia waombaji wengine waliomo kwenye rundo lilelile. Miradi kumi na miwili ya namna hiyo inasema kitu kimoja: anaweza kufuata maelekezo.

Weka miwili au mitatu, na kila mmoja uupe ukurasa wake wenye maneno. Tuseme umetengeneza daftari la kikoba anachochezea mama yako. Kwenye tovuti nyingi mradi huo ungepewa picha ya skrini, nembo za lugha ulizotumia na kitufe cha kuutazama. Mimi ningetaka kusoma yafuatayo. Wanachama hulipa hisa kwa simu, na mwanachama mmoja akatuma kutoka namba ya mumewe, mfumo ulimtambuaje? Mweka hazina hakutaka kuacha daftari la karatasi, basi uliviacha viwili viende sambamba kwa muda gani, na vilipotofautiana ulikiamini kipi? Mtu akilipa faini ya kuchelewa pamoja na hisa kwa muamala mmoja, fedha inagawanywaje? Ulijaribu nini kwanza kikakushinda? Majibu ya maswali hayo hayapatikani kwenye video yoyote. Aliyeyaandika alikaa na wenye shida, akawasikiliza.

Mfano mwingine ni malipo, kwa sababu kila wa pili anaandika kwenye CV kwamba "ameunganisha M-Pesa". Tangu Safaricom walipofungua Daraja, lango lao la wasanidi programu wa M-Pesa, mwaka 2017, kutuma ombi linalomtokea mteja kwenye simu ili aweke PIN ni jambo la mchana mmoja, na mazingira ya majaribio yana namba ya biashara inayojulikana na kila aliyepita pale, 174379. Kazi inaanzia baada ya hapo. Mteja akighairi, unapokea msimbo 1032. Unamwambia nini kwenye skrini? Jibu la mwisho hutumwa kwenye anwani ya seva yako; lisipofika kwa sababu seva ilikuwa imezima, unauliza hali ya muamala baada ya muda gani? Jibu lilelile likifika mara mbili, nini kinazuia salio lisiongezeke mara mbili? Andika aya mbili kuhusu namba ya ombi ulivyoitumia kama ufunguo usiojirudia kwenye hifadhidata, na mhandisi yeyote wa malipo atasogeza kiti karibu. Hizo aya mbili zina uzito zaidi kuliko nakala tano za Netflix.

Kabla hujamkaribisha mgeni, kagua pia kama umeacha funguo za siri ndani ya msimbo wa wazi. Kulifuta faili hakutoshi, kwa sababu historia ya Git inalihifadhi. Ufunguo uliovuja hubatilishwa na kutolewa mpya. Mwajiri anayekuta nywila ya hifadhidata kwenye msimbo wako amepata ushahidi pia, ila si ule uliotaka kumpa.

"Kazi zangu zote ni za siri, sina cha kuonyesha."

Hili nalisikia kwa watu wenye uzoefu, hasa wa benki na kampuni za simu. Siri waliyotia saini ni ya kweli na iheshimiwe. Ila siri hulinda msimbo wa mwajiri, jina la mteja na takwimu zake. Ujuzi uliobaki kichwani mwako ni wako. Unaweza kueleza aina ya tatizo bila kumtaja mwenye tatizo. Unaweza kujenga upya kipande kidogo kwa data za kubuni, ukaonyesha mbinu ileile. Unaweza kuomba ruhusa kwa maandishi. Mara nyingine inatolewa, na watu wengi hawaombi kabisa.

Wenye kosa kubwa ni wale wa upande mwingine, wanaobandika picha za skrini zenye majina na namba za simu za wateja halisi ili mfumo uonekane unatumika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Namba ya simu ya mteja wa duka si pambo la tovuti yako. Jaza majina ya kubuni, piga picha upya.

Kuhusu zile pau za ujuzi zinazowekwa mahali pa kazi za kuonyesha, "Python asilimia 80, CSS asilimia 95", sina mengi. Asilimia 95 ya nini? Nani alisahihisha mtihani? Ziondoe.

"Tovuti ni gharama."

GitHub Pages ipo tangu 2008 na haitozi. Unaunda hifadhi yenye jina lako la mtumiaji likifuatiwa na github.io, unaweka faili la index.html, ukurasa uko hewani na kufuli la usalama juu yake. Mipaka ipo: tovuti isizidi gigabaiti 1, na haiendeshi PHP wala Python upande wa seva. Kwa kurasa za potifolio hutaifikia mipaka hiyo. Kinachostahili fedha yako ni jina la kikoa, na nchi zetu zina hata miishio ya watu binafsi, .me.tz na .me.ke. Lisajili kwa jina lako na barua pepe yako mwenyewe. Watu wamempa "fundi" fedha ya kikoa, fundi akalisajili kwa jina lake, na siku alipobadilisha namba ya simu jina likapotea naye. Kwa mwenye duka hilo ni bahati mbaya. Kwa msanidi programu ni aibu.

"Lazima iwe ya Kiingereza, Kiswahili kinashusha hadhi."

Inategemea nani anasoma. Ukitafuta kazi ya mbali kwa kampuni ya Berlin au Toronto, andika Kiingereza, na uandike kizuri. Lakini wasanidi wengi wa huku hawaishi kwa mishahara ya Berlin. Wanaishi kwa mwenye duka la jumla Kariakoo anayetaka hesabu za stoo, kwa shule ya binafsi Mwanza inayotaka kukusanya ada, kwa SACCO ya bodaboda Mombasa. Huyo mteja anapoikuta tovuti inayozungumza naye kwa Kiingereza cha vitabuni kuhusu "suluhisho bunifu", anapiga simu kwa mwingine.

Hakuna kinachozuia kurasa mbili, moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza, zikiunganishwa kwa kiungo juu. Kwenye ile ya Kiswahili andika lang="sw" kwenye lebo ya html ili programu za kuwasomea wasioona na zile za kutafsiri zijue zinashughulika na lugha gani. Na ukitaka kujipima, mweleze mweka hazina wa kikoba, kwa Kiswahili na bila kujificha nyuma ya istilahi, kwa nini malipo yake yalichelewa kuonekana. Wahandisi wengi wazuri hushindwa hapo. Anayeweza atatafutwa na wateja, na pia na wakubwa wa mradi waliochoka kuwa wakalimani kati ya timu yao na wateja.

"Akili mnemba inaijenga kwa dakika tano, basi haina thamani tena."

Nusu ya kwanza ni kweli. Leo unaweza kuiagiza tovuti nzima kwa sentensi mbili, ikatoka na rangi ya zambarau inayofifia na aya inayosema wewe ni msanidi mwenye shauku ya kutatua changamoto. Kilichoshuka thamani ni ganda, na mimi sioni hasara yoyote hapo. HTML ya potifolio haikuwahi kuwa kipimo kikubwa cha uhandisi. Maneno yaliyomo ndani yamepanda bei. Mashine haijui kwamba mwanachama wa kikoba alituma hisa kutoka namba ya mumewe, wala kwamba mweka hazina alikataa kuacha daftari. Ukiiachia ikutungie visa hivyo, jiandae kwa mhoji atakayekuuliza kwa nini ulichagua hifadhidata ile na siyo hii. Itumie kupanga kurasa na kukagua makosa ya tahajia, lakini maelezo ya mradi yaandike kwa mkono wako.

Limebaki dai moja, nalo hutoka kwa marafiki wa tovuti na siyo wapinzani wake: ijenge tu, kazi zitakuja zenyewe. Hazitakuja. Hakuna anayetembea mtandaoni akitafuta wasanidi wa Morogoro bila sababu. Tovuti inafanya kazi katika hatua ya pili, baada ya mtu kukutaja, au baada ya wewe kutuma ombi, au baada ya kukutana kwenye semina na kumwachia anwani yako. Hapo mtu anataka kuthibitisha, na anakupa dakika mbili. Asipoona jina lako, unachofanya, kazi mbili zilizoelezwa na namna ya kukupata ndani ya hizo dakika, ulijenga bure. Barua pepe iwe wazi kwenye ukurasa, maana fomu za mawasiliano huharibika kimyakimya na mwenye tovuti huwa wa mwisho kujua.

Kwa hiyo kama umeshatumia wiki nzima ukichagua kati ya fremuweki mbili, acha. Funga mafunzo ya video, chagua kazi moja uliyoifanya kwa mikono yako, na leo usiku andika maneno mia tatu kuhusu ilipokwama na ulivyoikwamua. Yaweke kwenye index.html, uitume hewani, kisha mpe kiungo mtu mmoja asiye mhandisi umuulize ameelewa nini.